Mafuta Kwenye Miguu ya Paka

Treni ilitutoa Kindu asubuhi ya mvua. Tulitumia siku ngapi njiani mpaka Lubumbashi siwezi kusema, kwa sababu hesabu ilinipotea tulipokwama kabla ya Kabalo. Injini iliharibika, watu wakashuka, wanawake wakawasha mbabula zao za makaa kando ya reli, na jua lilipopanda kulikuwa na kijiji kizima pale: wa kuuza, wa kunyoa, wa kugombana, na mzee mmoja aliyekuwa akimposa binti wa behewa la pili. Mimi nilikuwa nimekabidhiwa kwa Mama Safi, jirani yetu aliyefanya biashara ya mafuta ya mawese, ambayo sisi tunayaita mafuta ya ngazi. Mama yangu alikuwa amefariki mvua hizo zilipoanza. Dada yake mkubwa, ambaye sikuwahi kumwona, alituma neno kutoka Lubumbashi kwamba niletwe. Basi nilikuwa naletwa, nikiwa nimeketi juu ya gunia la mchele katikati ya madumu. Dumu moja lilivuja, na nilisafiri mpaka Kamina miguu yangu ikiwa myekundu, inateleza, inanuka chakula ambacho hakuna aliyenipa.

Juzi, katika mji usio wangu, mke wa jirani aliweka mafuta hayo jikoni. Nilikuwa napita tu na mfuko wangu begani. Nilisimama ukutani kwake mpaka mwanawe akatoka kuniuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia hapana. Lakini swali lake lilinifuata, na kila nilipolijibu moyoni nilimwona paka.

Aliyekuja kunipokea stesheni alikuwa mume wa Mama Mukubwa, kama nilivyomwita dada huyo wa mama, naye alikuwa fundi cherehani, mtu mwembamba mwenye kofia ya Kiislamu na pini mbili zilizochomwa kwenye ukosi wa shati. Nilimwita Baba Mukubwa tangu siku hiyo. Alinipandisha nyuma ya baiskeli yake, akaniambia, "Kamata shati yangu, usiachie." Sikuachia. Kwa hiyo sikuuona mji. Niliuona mgongo wake. Tulikata kulia, tukakata kushoto, tukasimama kwenye nyumba moja akapokelewa kwa kelele, tukarudi tulikotoka, tukazunguka tena. Nilipopewa ruhusa ya kushuka, tulikuwa Kasungami, pembeni kabisa, mahali mahindi yanapoingia mpaka kwenye vizingiti vya nyumba. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kisugulu, kichuguu kikubwa kuliko paa lenyewe, na juu yake ameketi paka dume mwenye jicho moja, rangi ya majivu, akinitazama kama mtu anayesubiri nimalize kusema uongo. Huyo alikuwa Kapita. Walimpa jina hilo, yaani nyapara, kwa sababu alipenda kukaa juu na kuwasimamia wengine wakifanya kazi.

Yaliyofuata hayakufanana na mapokezi niliyoyazoea. Mama Mukubwa alikuwa na uso wa mama yangu, lakini kama uliochorwa na mtu mwingine. Aliniketisha, akaniosha miguu, halafu, nikidhani amemaliza kunitoa mafuta, akaleta kichupa na kunipaka mafuta yale yale upya, taratibu, kwenye nyayo na katikati ya vidole. Akanivua shati langu la treni. Hakulitia majini. Alilikunja kama lilivyo, na jasho lake na moshi wake, akaondoka nalo. Nikapewa shati la mwanawe Swalehe, ambalo nalo halikufuliwa. Lilikuwa na doa la mchuzi kifuani na harufu ya mtoto mwingine kwapani.

Nililala katika chumba kidogo ambamo Baba Mukubwa aliweka vitambaa. Kilikuwa na milango miwili: mmoja wa kutokea uani, mmoja wa kuingilia ndani ya nyumba. Wa uani ulikuwa wazi mchana kutwa. Wa ndani ulifungwa. Nilikula humo, nimeketi mbele ya mlango uliofungwa kama nilivyoelekezwa, na upande wa pili nilimsikia mtu mwingine akila. Nilisikia bakuli likiburuzwa sakafuni. Nilisikia akinyonya vidole. Kwenye upenyo wa chini niliona vidole vya miguu vya Swalehe, ambavyo siku za mwanzo vilinielekea kwa ukali, kama ngumi. Nilidhani nina ugonjwa. Nilijikagua tumbo na makwapa kila asubuhi kutafuta ulikotokea.

Siku moja mlango ulifunguliwa, tukawekewa sinia moja la bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, na maisha yakaendelea. Swalehe alikuwa amenizidi umri kidogo na alikuwa mtoto pekee mpaka nilipofika. Hakuniita jina langu. Aliniita Kindu. Tukienda shule, kila tulipofika barabara kubwa, alinikamata shingo kwa nyuma, kwa nguvu, akanibana mpaka tumevuka. Nilikuwa na uhakika kwamba ananichukia na kwamba siku moja, gari likiwa kubwa vya kutosha, atanisukuma.

Hofu hiyo Mama Monga aliipa sababu. Huyu alikuwa jirani mwenyeji wa palepale, muuza ndakala, dagaa wa kule, mwanamke ambaye hakuweza kukaa na habari mdomoni zaidi ya muda wa kupima kopo moja. Alinitazama nikichota maji, akacheka kwa huruma.

"Ule Rehema wa Kamina naye alikuyaka na kamufuko kama kako," akasema. "Mutoto muzuri. Lakini Swalehe alimukatala, na bakamurudisha na train ile ile."

Nilimuuliza alimkataa vipi. Akasema walipigana juu ya kila kitu, mpaka juu ya kivuli cha nyumba.

Tangu hapo nikajua ninachosubiri. Nilianza kuacha vivuli. Nilikaa juani. Swalehe akitaka kigoda nilikuwa nimeshasimama. Yeye, kwa kuona hivyo, alinitazama kwa macho ya wasiwasi ambayo sikuyaelewa hata kidogo, na mara nyingi aliinuka pia, kigoda kikabaki kitupu baina yetu.

Mahindi ya mwaka ule yalipovunwa, panya waliingia. Kapita alikuwa amezeeka. Aliwatazama wakipita kama anayehesabu watumishi wake. Baba Mukubwa alikuwa na mteja huko Kasapa, mwalimu wa chuo kikuu, ambaye alikuwa anahama nchi na familia yake na hakujua amwache wapi paka wao. Basi Jumamosi moja Baba Mukubwa alirudi na gunia jepesi limefungwa nyuma ya baiskeli, mahali nilipokuwa nimekaa mimi. Gunia lilikuwa likilalamika. Alijifuta jasho akamweleza mkewe, kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi ipasavyo, kwamba kila njia panda kuanzia Kasapa ameizunguka mara tatu na baiskeli, akapita na vichochoro visivyo vya lazima, ili paka asiijue njia ya kurudia. Paka akiijua njia, alisema, mguu wake haukai.

Nilikuwa nimesimama karibu na kisugulu. Nilikumbuka kulia na kushoto, nyumba zile tulizosimama, kule kurudi tulikotoka. Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba siku ile ya stesheni alikuwa anagawa nguo za wateja wa Idi. Lakini mtoto hapewi habari za wateja. Nilielewa tu kwamba nilizungushwa.

Paka mwenyewe alikuwa jike mdogo, mweupe, mwenye madoa ya kijivu, safi kama kitambaa kipya. Jina alikuja nalo: Minete. Baba Mukubwa alituonya kwamba hajui Kiswahili. Alilelewa kwa Kifaransa tu. Swalehe, ambaye shuleni Kifaransa chake kilikuwa cha kupigiwa makofi au kupigiwa fimbo kutegemea siku, aliinama mbele ya gunia akamkaribisha aketi, "Asseyez-vous, Madame," na paka akamkwaruza pua.

Mama Mukubwa alimchukua Minete mapajani. Akaleta kichupa. Akampaka mafuta ya ngazi kwenye nyayo, taratibu, katikati ya vidole.

"Akilamba, atajua nyumba iko na ladha gani," akasema, akiwa anazungumza na paka zaidi kuliko na sisi. "Miguu ikitulia, na yee atatulia."

Halafu akampeleka kwenye chumba cha vitambaa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia chumba cha Swalehe. Akafunga milango yote miwili. Akakiondoa kitambaa ambacho Minete alikuja amekilalia ndani ya gunia, hakukifua, akakitandika chini ya cherehani, mahali pa Kapita. Na kile kipande cha kitenge cha Kapita, kilichojaa manyoya na harufu yake ya uzee, akakipeleka chumbani. Na jioni bakuli moja likawekwa upande huu wa mlango, moja upande ule.

Niliyatazama haya yote na kichwa kikaniuma. Hakuna hatua hata moja ambayo sikuijua. Nilitaka kucheka na nilitaka kukimbia. Nilimtazama Swalehe nione kama naye anaona, na nikamkuta ananitazama mimi, pua yake ina mkwaruzo, uso wake umekunjamana kama wa mtu anayesoma maandishi ya mbali.

Kapita alikinusa kitambaa cha mgeni akarudi nyuma kana kwamba kimemuunguza. Alisusa mahali pake. Alisusa ndakala, jambo ambalo Mama Monga alilitangaza mtaa mzima. Akahamia juu ya kisugulu mchana kutwa, ameupa ua mgongo. Mama Mukubwa hakuwa na haraka. Kila siku alilisogeza bakuli lake karibu zaidi na mlango, upana wa kiganja, akaketi pembeni akichambua mboga kama hana habari. Kapita alikuja. Alikula mara mbili, akasikia upande wa pili kuna ulimi unalamba, akatoa sauti ambayo sikujua kwamba paka anayo, sauti ya bati likiburuzwa juu ya zege. Upande wa pili Minete akajibu. Mama Mukubwa akaendelea kuchambua mboga.

Nilimuuliza, kwa sauti niliyojaribu kuifanya ndogo, itakuwaje wakikataana.

"Kapita njo mwenye nyumba," akasema. "Yee akikatala, ule mwingine atarudi. Haulazimishake roho."

Hakuniangalia aliposema. Nilipata wazo kwamba hakuniangalia kwa makusudi.

Siku aliyoufungua mlango kidogo, upana wa pua, nilikuwa nimeketi ubavuni mwake nikimwombea Minete kwa dua zote nilizofundishwa Kindu, pamoja na zile za kuingilia chooni, kwa kuwa sikutaka kuacha hata moja. Kapita alitia pua kwenye upenyo. Minete alitia yake. Kwa kitambo kidogo walikuwa wanapumua pumzi moja. Kisha Kapita alifumba jicho lake moja, polepole, akalifumbua, akageuka, akaondoka. Mama Mukubwa akatabasamu. Mimi niliona dharau tupu. Niliona mtu aliyemwangalia mgeni akaamua kwamba hastahili hata kupigwa.

Na kesho yake Kapita alikojolea suruali ya bwana harusi.

Ilikuwa suruali ya bluu, imekamilika, imepigwa pasi ya makaa, imekunjwa juu ya meza ikingoja mwenyewe aje. Baba Mukubwa alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa nguo za watu. Aliishika kwa ncha mbili za vidole akaitoa kibarazani. Wapita njia wakasimama. Akawauliza, kwa utulivu wa kutisha, kama yupo kati yao anayejua harusi ambayo bwana anaingia akinuka mikojo ya pushi, maana ndivyo tunavyomwita paka kule. Halafu akamgeukia mkewe.

"Mwisho Ijumaa," akasema. "Kama habapatane, ile ya Kasapa inarudi."

"Inarudi kwa nani? Benyewe bameenda."

"Kwenye nyumba."

"Nyumba iko mutupu."

"Basi itarudi mutupu," akasema Baba Mukubwa, akaenda kutafuta sabuni.

Nyumba tupu niliijua, ile yetu ya Kindu. Nilijua mlango wake unavyofungwa kwa waya, na nilimjua aliyebaki na mkeka wetu. Siku zile sikula vizuri. Nilijaribu kumfundisha Minete adabu kupitia upenyo wa mlango: asitazame machoni, asikae kivulini, akiona mwenzake anataka kitu asimame kabla ya kuombwa. Alinisikiliza akilamba nyayo zake. Labda tatizo lilikuwa Kiswahili.

Ijumaa ile Baba Mukubwa alikuwa msikitini pamoja na Swalehe. Mimi niliachwa kwa sababu nilisema tumbo linauma, na lilikuwa linauma kweli. Mama Mukubwa alikuwa shambani nyuma ya nyumba. Nilisikia jembe lake. Alikuwa ameacha mlango wa chumba cha vitambaa wazi kabisa, kwa mara ya kwanza. Niliingia.

Kapita alikuwa juu ya Minete. Amemlalia mgongoni kwa uzito wake wote, meno yake yameshika ngozi ya shingo. Minete alikuwa amelala kiubavu, ametandazwa, macho yamefumbwa, hasogei, hatoi sauti. Hakukuwa na fujo yoyote. Hilo ndilo lililonimaliza. Niliona kwamba jambo limekwisha, tena kimyakimya, kama mambo yote yanavyokwisha katika nyumba ile.

Sikulia. Nilichukua mfuko wangu, nikavaa shati langu la treni ambalo nililipata limekunjwa chini ya godoro la Swalehe, jambo ambalo lilinishangaza lakini sikuwa na nafasi ya kulishangaa. Nikatoka. Nilikuwa na mpango ulio wazi sana: ningekwenda stesheni mwenyewe, niwaondolee usumbufu. Sikutaka kufungwa nyuma ya baiskeli.

Nilifika njia panda ya kwanza na sikujua pa kugeukia. Nikasimama. Barabara zote zilifanana, vumbi jekundu na mabua makavu ya mahindi. Nilifumba macho nikajaribu kuukumbuka mgongo wa Baba Mukubwa ulivyoinama siku ile, kulia au kushoto, na nikaelewa kwamba mzunguko wake umefanya kazi. Sikuweza kurudi nilikotoka, na kule nyumbani, kwa hesabu yangu, nilikuwa nimeshakataliwa. Watu walipita wakiniona mtoto aliyesimama na mfuko. Mmoja alidhani nauza.

Swalehe alinikuta hapo akitoka msikitini. Baba yake alikuwa amebaki nyuma akisalimiana na watu. Aliangalia mfuko, akaangalia shati.

"Kindu. Unaenda wapi na ile shati?"

Nikamwambia narudi. Nikamwambia Kapita amemuua Minete, na kwamba najua habari za Rehema, na kwamba hahitaji kunisukuma kwenye gari, nitapanda treni mwenyewe. Niliyasema yote kwa pamoja, na yeye alikuwa anarudi nyuma kidogo kidogo kama anayemwagiwa maji.

"Weye njo unarudi?" akasema. "Haina miye?"

Sikumwelewa.

Akaketi chini palepale vumbini na kanzu yake nyeupe, kosa ambalo mtoto wa fundi hafanyi. Akanieleza huku akiangalia magurudumu yanayopita. Nilipokuwa nyuma ya mlango, mama yake alimpa shati langu alilalie. Shati lilinuka treni. Hakuambiwa la nini. Alifikiri anazoeshwa. Alimwona mama yake akinipaka mafuta ili nitulie, akaona shati lake mwenyewe limevalishwa mimi, chakula chake kimewekwa karibu na changu, akakata shauri kwamba anabadilishwa: mimi nitabaki, yeye atapelekwa Kindu. Rehema alirudishwa kwa sababu ya magomvi, basi yeye alijizuia asigombane nami, ili asirudishwe mahali ambapo hajawahi kufika. Na kila nilipomwachia kigoda aliona namuaga.

"Nilikuwa nakukamata shingo kwenye barabara," akasema, "juu gari ikikugonga, bangesema ni miye."

Sijui tulikaa pale muda gani. Nakumbuka tulikuwa tumechoka wote wawili, kama watu waliobeba kitu kizito wakielekea pande tofauti. Wavulana wa mtaa wa pili walipita, wakauliza huyu mwenye mfuko ni nani, anauza nini, mbona analia. Swalehe akasimama, akajikung'uta, akanikamata shingo kwa nyuma, kwa nguvu ile ile.

"Ni mudogo yangu," akasema. "Haina ya kuuzisha."

Alinibana hivyo mpaka nyumbani. Iliuma. Sikumwambia aachie.

Mama Mukubwa alikuwa kizingitini mwa chumba cha vitambaa, jembe bado begani, udongo miguuni. Alitunyamazisha kwa kidole. Kapita alikuwa bado juu ya Minete, meno kwenye ngozi ya shingo, na sasa niliona alichokuwa akifanya: alimshika asitoroke, halafu akaachia meno akamlamba nyuma ya masikio, kwa bidii, kama anayesugua sufuria. Minete alikuwa amefumba macho kwa sababu ulimi ule ulikuwa unampendeza. Mguu wake mmoja mweupe ulikuwa unajikunja na kujikunjua hewani.

"Anamuogesha," Mama Mukubwa akanong'ona. "Mukubwa njo anakamataka vile. Asipokamata, mudogo anakimbia."

Akageuka, akaniona na shati la treni na mfuko. Akatazama mkono wa Swalehe shingoni mwangu. Aliuvua mfuko begani mwangu akauweka juu ya kabati, mahali pa juu kabisa ambapo sikuweza kufika, na akatuambia tuoge kabla bwana harusi hajaja kuchukua suruali, kwani itabidi mtu amchekeshe.

Niliishi kwao mpaka nikamaliza shule ya sekondari. Kapita alikufa usingizini juu ya kisugulu. Minete alizeeka, akajifunza Kiswahili, akawa yeye ndiye anayepanda juu kusimamia kazi. Swalehe akakalia kiti cha cherehani. Mimi sikukalia kitu. Nilianza kwa kwenda Likasi kutafuta kazi nikarudi, nikaenda Kolwezi nikarudi, na kila niliporudi Mama Mukubwa alinipaka mafuta miguuni, kijana mzima mwenye ndevu, nikiona haya. Mguu ulitulia mwezi, miezi miwili, kisha ukaanza.

Siku niliyoondoka kabisa, kwenda ng'ambo ya mpaka na nisijue wapi zaidi ya hapo, alikuwa ameketi mahali pa kuchambulia mboga. Nilikuwa nimembebea swali kwa miaka mingi, na nililitoa vibaya, nikiwa nimesimama. Nilimuuliza kwa nini alinifanyia kama paka. Hakukasirika.

"Rehema nilimupokea kama bantu banapokeaka," akasema. "Karamu, nyimbo, nikamulalisha na Swalehe siku ya kwanza. Ulisikia. Na kufanya bapushi bapatane nilijua. Basi nilifanya ile nilijua."

Mpaka leo sijaamua kama jibu hilo linatosha. Kuna asubuhi ambapo naona hakuna mtoto aliyepokelewa kwa uangalifu kuliko mimi. Kuna nyingine naona nilizoeshwa tu. Alinitazama miguu, viatu vimeshafungwa kamba.

"Mafuta haikukamata," akasema.

Swalehe alikuwa ameshaitoa baiskeli ya baba yake. Alikuwa anipeleke mahali magari ya Kasumbalesa, mpakani, yanapopakia. Nilipanda nyuma kama kawaida, nikalikamata shati lake. Mama Mukubwa akainuka, akaja mpaka barabarani akiwa bado na jani la sombe mkononi, akamwambia Swalehe asipite vichochoro, asisimame kwa mteja yeyote, na kwenye njia panda asizungushe, hata kwa mchezo. Halafu akanishika mabega akanigeuza mimi, nikakaa kinyumenyume, mgongo wangu kwenye mgongo wa Swalehe.

"Angalia njia," akasema.

Swalehe akakanyaga. Kwenye njia panda ya kwanza, ile yetu, nilisikia baiskeli ikipunguza mwendo, mkono wake mmoja ukaacha usukani, ukanikamata shingo kwa nyuma, ukanibana mpaka tukavuka. Hakuzungusha. Wala kwenye zilizofuata. Nilikaa nikitazama barabara ikitoka chini ya miguu yangu, njia panda baada ya njia panda, na Mama Mukubwa kule mwisho, amesimama, akizidi kuwa mdogo, akiniachia muda wa kuishika njia yote.